Kofia ya Genin: jinsi Barnum alivyoitangaza ziara ya Jenny Lind mwaka 1850

Siku chache kabla ya tarehe 11 Septemba 1850, mvua ikinyesha New York, watu wapatao 3,000 walilipa kiingilio kidogo kuingia ukumbi wa Castle Garden. Tamasha lenyewe lilikuwa bado. Walikuja kutazama tiketi za tamasha hilo, la mwimbaji Jenny Lind, zikipigwa mnada. Tiketi ya kwanza ilipotajwa, wawili wakang'ang'aniana: upande mmoja Dokta Brandreth, tajiri wa vidonge vya kusafisha tumbo, na upande wa pili John Genin, muuza kofia mwenye duka Broadway. Genin akaondoka nayo kwa dola 225, pesa ambayo kibarua wa enzi zile angehangaika miezi kadhaa kuipata.

Magazeti yakaivamia habari. Katika miji ambayo haijawahi kumsikia, watu wakaanza kuulizana Genin ni nani. Wanaume wakavua kofia zao kuangalia jina lililobandikwa ndani. Barnum, promota aliyeandaa mnada ule, anasimulia katika kumbukumbu za maisha yake kwamba huko Iowa, nje ya posta, jamaa mmoja alikuta kofia yake iliyochakaa ina jina la Genin. Watu wakaipigia mnada palepale, ikaenda kwa dola 14. Anaongeza kuwa Genin aliuza kofia 10,000 zaidi kwa mwaka kutokana na tiketi ile. Barnum alikuwa hodari wa kutia chumvi, kwa hiyo hesabu hiyo ya kofia ipokee kwa tahadhari. Hata ukiikata nusu, biashara ilikuwa nzuri.

Genin hakusukumwa na mapenzi ya muziki. Alinunua tangazo la duka lake. Utamu wake ni kwamba kila mtu aliyesimulia habari za Genin na kofia zake alilazimika kumtaja Jenny Lind, tamasha na tarehe yake. Kwa hiyo muuza kofia alimlipa Barnum dola 225 ili amtangazie Barnum shughuli yake. Nakichambua kisa hiki kwa sababu hiyo. Wengi wetu tunaoandaa maonesho, makongamano na uzinduzi wa bidhaa hudhani ubunifu ni kupata bango zuri zaidi au kelele kubwa zaidi. Barnum alikuwa na mabango na kelele, tena nyingi. Lakini ukizifuata hatua zake kwa utulivu, utaona kazi kubwa aliyoifanya ni kuwatafutia watu wengine sababu zao wenyewe za kumtangazia.

Kwanza tujue alikuwa amejitia wapi. Jenny Lind, mwimbaji aliyezaliwa Stockholm mwaka 1820, alikuwa kipenzi cha Ulaya. Malkia Victoria alikuwa miongoni mwa mashabiki wake. Mwaka 1849 aliacha opera London na kubaki na matamasha tu. Barnum hakuwahi kumsikia akiimba hata mara moja. Alimtuma wakala wake, John Hall Wilton, na Januari 1850 mkataba ukasainiwa Lübeck, Ujerumani: matamasha hadi 150, dola 1,000 kila moja. Juu yake kulikuwa na dola 25,000 za Julius Benedict, kiongozi wa muziki na mpiga kinanda, na 12,500 za mwimbaji Giovanni Belletti. Jumla dola 187,500, na zote ziwekwe amana kwa benki ya Baring Brothers ya London kabla Lind hajapanda meli.

Barnum hakuwa nazo. Aliuza mali, akakopa, na mkuu mmoja wa benki akamwambia usoni kwamba Wall Street nzima inaamini mkataba huu utamfilisi. Dola 5,000 za mwisho alikopeshwa na mchungaji wa Philadelphia, Abel C. Thomas. Kwa hiyo wakati wa kutangaza ulipofika, promota wetu hakuwa na bajeti ya kutapanya. Nalisema hili kwa wale wanaodai ubunifu unakuja baada ya kupata mdhamini mkubwa.

Jingine ni jina lake. Barnum alianza biashara ya maonesho mwaka 1835 kwa kumwonesha Joice Heth, bikizee Mweusi kipofu aliyekuwa mtumwa, akidai ana miaka 161 na kwamba ndiye aliyemlea George Washington. Alipofariki mwaka uliofuata, mwili wake ulipasuliwa mbele ya watazamaji waliolipa, na daktari akasema hakufika hata nusu ya umri ule. Huo ni unyama, na hakuna ustadi wa kutangaza unaoufuta. Ninautaja pia kwa sababu unaeleza kwa nini Barnum alimtaka Lind kiasi kile: alitaka jina lake liondoke kwenye vituko lifike kwenye heshima. Mtu mwenye sifa kama hiyo akijisifia shughuli yake mwenyewe, nani atamwamini? Ilibidi wengine waseme.

Habari ya mkataba ilimfikia Barnum mwezi Februari akiwa Philadelphia. Akapanda treni kurudi New York, na njiani akamdokezea kondakta anayemfahamu kwamba Jenny Lind anakuja Marekani. Kondakta akauliza: Jenny Lind, huyo ni mcheza dansi? Barnum anasema maneno yale yalimwagia ubaridi mwilini. Kama mtu anayesafiri kila siku kati ya miji mikubwa hamjui, basi nchi nzima haimjui. Alikuwa na miezi sita.

Angalia alichokifanya kwa taarifa ile. Angeweza kuagiza mabango yaandikwe SAUTI BORA DUNIANI. Lakini sauti haisikiki kwenye karatasi, na mwaka 1850 hakukuwa na namna ya kumwonjesha mtu wa Boston sauti ya mtu aliye London. Zaidi ya hapo, familia nyingi za kidini Marekani ziliona ukumbi wa maonesho kama mahali pasipofaa kwenda binti wa watu. Kwa hiyo katika barua yake ya kwanza kwa magazeti aliandika kwamba hata kama asingepata faida hata senti, bado angemleta, maana ni mwanamke ambaye wema, ukarimu na unyenyekevu vimekutana kwake. Sauti ilitajwa, ila uzito aliuweka kwenye tabia. Lind kweli alikuwa mtu wa kutoa sadaka. Matamasha ya hisani alikwisha kuyafanya Ulaya. Mhubiri ambaye asingethubutu kutangaza opera angeweza kumtaja Lind mimbarani kama mfano wa mwanamke mwema. Huyo naye ana sababu yake.

Kisha kukaja shindano. Barnum akatangaza zawadi ya dola 200 kwa mshairi atakayeandika maneno ya wimbo wa kuisalimu Amerika, ambao Lind angeuimba usiku wa kwanza na Benedict kuutilia muziki. Mashairi yaliyopokelewa yalizidi 700. Fanya hesabu kidogo: zaidi ya watu 700, kila mmoja amekaa nyumbani akisugua kichwa juu ya Jenny Lind, amemsomea mkewe, amewasomea marafiki, anangoja matokeo gazetini. Kwa dola 200! Mshindi akawa Bayard Taylor, na hapo wenye vinyongo wakazuka. Taylor alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Tribune, mmoja wa waamuzi, George Ripley, alikuwa wa gazeti hilohilo, na mwamuzi mwingine, George Putnam, ndiye mchapishaji wa vitabu vya Taylor. Walioshindwa wakalalamika kwamba mchezo ulipangwa, na lawama zikaandikwa hadi kukatungwa kijitabu cha kejeli chenye mashairi ya kubuni ya walioshindwa. Sidhani Barnum alipoteza usingizi. Ila kwa anayetaka kuiga leo, waamuzi wawe watu wasio na undugu na washindani, maana lawama ya siku hizi haisubiri gazeti la kesho.

Kuna hatua moja ambayo siipendi. Kabla Lind hajaondoka Uingereza aliimba Liverpool. Barnum, kwa siri, alipanga mhakiki wa muziki atoke London akasikilize tamasha la kwanza na kuandika usiku uleule. Makala ikachapwa na gazeti la Liverpool asubuhi, na nakala zake zikapakiwa kwenye meli iliyokuwa inang'oa nanga siku hiyo kwenda Marekani. Wasomaji wa New York wakasoma sifa hizo wakiamini ni maoni yaliyojitokea yenyewe Ulaya. Kwa upande wa ratiba ni kazi safi sana: tamasha usiku, maandishi alfajiri, meli mchana. Kwa upande wa uaminifu ni sawa na kumlipa mtu maarufu wa Instagram aseme amependa bidhaa yako bila kueleza kuwa amelipwa. Ilimfaa Barnum kwa sababu wasomaji hawakujua. Aliieleza mwenyewe miaka baadaye.

Jumapili ya tarehe 1 Septemba meli ya mvuke Atlantic ikaingia bandarini na Lind. Watu gatini walikadiriwa kwa makumi ya maelfu, wengine wamepanda milingoti ya meli na mapaa ya maghala, na matao ya majani mabichi ya kumkaribisha yalikuwa tayari. (Bandari hiyohiyo ilishapata umati wa aina nyingine miaka 10 nyuma, 1840, ilipotia nanga Sultana, merikebu ya Seyyid Said kutoka Zanzibar. Watu walimiminika kuitazama bila promota yeyote, kwa sababu tu hawakuwa wamewahi kuona mabaharia wa kwetu.) Barnum alikwenda kuilaki meli akiwa na shada la maua kifuani. Alipopanda, akakuta Collins, mwenye kampuni ya meli, kamtangulia kumpa Lind shada kubwa mara tatu ya lake. Wengi huisoma sehemu hii kama kichekesho, nami naiona ni ushahidi. Collins alikuwa kwenye ushindani mkali na meli za Uingereza za Cunard, na kuonekana akimkabidhi maua abiria anayezungumzwa na mji mzima kulimfaa yeye. Barnum akapoteza nafasi ya kwanza kwenye picha, lakini mwenye meli akawa mtangazaji wake.

Lind alimuuliza Barnum alimsikia wapi akiimba. Akajibu hajapata kumwona maishani mwake. Mwimbaji alishangaa mtu anawezaje kuweka rehani mali yake yote kwa mtu asiyemjua, naye Barnum akasema aliamini sifa za Lind kuliko masikio yake mwenyewe. 

Usiku ule hoteli ya Irving House ikazungukwa na watu. Usiku wa manane wanamuziki 200 wakaja kumpigia chini ya dirisha, wakisindikizwa na wazima moto wenye mashati mekundu na mienge. Wazima moto wa New York wakati ule walikuwa wa kujitolea, kila kikosi na majivuno yake, na hakuna aliyetaka vijana wake wakosekane kwenye msafara ule. Hoteli ikapeperusha bendera ya Sweden. Madukani kukatokea glovu za Jenny Lind, kofia za kike za Jenny Lind, shali, makochi na piano. Barnum hakulipia hata kimoja. Kitanda cha mbao chenye nguzo zilizokerezwa kama shanga bado kinauzwa Marekani kwa jina lake hadi leo.

Ndipo ukaja ule mnada. Siku ya kwanza ziliuzwa tiketi 1,000 hivi kwa jumla ya dola 10,141, wastani wa dola 10 na ushee. Genin peke yake alilipa zaidi ya mara ishirini ya wastani huo. Na mtindo ukaenea. Boston, mwimbaji Ossian Dodge alilipa dola 625, kisha akachapisha picha inayomwonesha Barnum akimtambulisha kwa Lind. Philadelphia, mpiga picha aitwaye Root naye alilipa 625. Providence, Kanali Ross alilipa 650, na inasemekana hata tamashani hakwenda.

Ross anatusaidia kuona mahali mbinu inapoishia. Genin alikuwa na duka lililojaa kofia, mlango uko wazi asubuhi ya habari. Dodge alikuwa na matamasha yake ya kuuza, na Root alikuwa na studio. Ross alipata jina siku chache, basi. Kila ukimtafutia mtu nafasi ya kuonekana kwenye shughuli yako, muulize ana nini cha kuuza kesho yake. Kama hana, atalipa mara moja na hatarudi, wala hatakuwa na haja ya kuendelea kukutaja.

Sasa tuilete karibu. Shughuli ya kawaida ya biashara Dar es Salaam hutangazwa hivi: bango lenye picha ya mgeni rasmi, posti ileile kwenye magrupu yote ya WhatsApp ikimalizia na "nyote mnakaribishwa", gari la matangazo siku mbili za mwisho, na pengine dakika chache redioni. Kila kitu kinatoka kwa mwandaaji na kinamsifu mwandaaji. Tuseme mafundi samani wa Keko wanataka kufanya maonesho yao ya pamoja. Nafasi ya mlangoni, ambayo kila mmoja ataitaka, kwa kawaida ingegawiwa na mwenyekiti kwenye kikao, na nusu ya watu wangenuna. Ipigwe mnada hadharani, barabarani, wiki tatu kabla, na waandishi wakiwepo. Fundi atakayeichukua kwa bei ya kushangaza hatahitaji kuombwa kuitangaza, atakuwa anajitangaza. Wenye pikipiki za mizigo wapewe orodha ya siku za maonesho na bei ya kubeba kochi kutoka pale hadi Mbagala au Mbezi, wataisambaza wenyewe kwa wateja wao. Fundi chipukizi ashindanishwe kutengeneza kiti atakachokalia mgeni rasmi, picha za viti zipigiwe kura kwenye simu. Kila mshindani ana ndugu, majirani na watu wa msikitini au kanisani kwake.

Hakuna hata kimoja hapo kinachodai pesa nyingi. Kinachodai ni muda, na hapo ndipo wateja wangu wengi hukwama, kwa sababu hunifuata zikiwa zimebaki siku kumi na tarehe ya ukumbi imeshalipiwa. Barnum alikuwa na kuanzia Februari hadi Septemba na aliutumia wote, jambo baada ya jambo: barua, shindano, makala ya Liverpool, gati, hoteli, mnada. Lililotangulia lilikuwa bado linazungumzwa lililofuata lilipoingia. Angeyafanya yote katika wiki moja yangemezana.

Usiku wa tarehe 11 Castle Garden ilijaa watu kama 5,000. Lind alianza kwa woga, sauti ikatulia, na mwisho ukumbi ukawaka. Walipomwita Barnum jukwaani alitangaza kwamba Lind anatoa sehemu yake yote ya usiku ule, kiasi cha dola 10,000, kwa mashirika ya hisani ya jiji, na wa kwanza kwenye orodha alikuwa mfuko wa wazima moto. Walewale wa mienge. Ahadi ya Februari kuhusu wema wake ikawa imetimizwa mbele ya watu. Hilo ndilo jambo ambalo matangazo mengi yetu hayana: chochote kinachothibitisha usiku wa shughuli yale yaliyosemwa kabla yake.

Barnum alikuwa tayari amekwisha kuurekebisha mkataba kwa hiari yake, Lind apate pia nusu ya faida baada ya gharama. Mwishoni hesabu zake zilionesha makusanyo ya dola 712,161, na Lind aliondoka na 176,675.

Palipoharibika ni pale umati ulipozidi maandalizi. Boston, tamasha lililofanyika kwenye ukumbi wa kituo cha reli cha Fitchburg lilijaza watu kupita kiasi, wenye tiketi wakashindwa kufika kwenye viti vyao, na lawama zote zikamwangukia Barnum. Na kuna jambo lililokuwa likikua polepole ambalo matangazo hayakulihesabu: Lind mwenyewe. Alichoka kuwindwa kwenye hoteli, kupigiwa minada, jina lake kubandikwa kwenye glovu na makochi. Washauri wake walimwambia anatumiwa. Juni 1851, Philadelphia, Barnum aliweka tamasha kwenye ukumbi uliokuwa ukitumika kwa maonesho ya farasi, na Lind akaona amedhalilishwa. Mkataba ulimruhusu kujitoa kwa fidia. Alilipa dola 25,000, akaongeza 1,000 kwa kila tamasha lililopungua kufika 100, yaani 7,000, na akaendelea na ziara kwa uongozi wake mwenyewe hadi Mei 1852. Barnum hakubishana. Kwa maelezo yake, naye alikuwa amechoka.